Umewahi Kumwona Amelewa?

Jumatatu, 2 Juni 2003

Umeme hakuna tena. Mkasi tangu asubuhi, vidole vimevimba. Wanafunzi wa seminari ya Mushasha tupu leo, mapadri hawataki nywele ndefu.

Saa tisa Damasi, mlevi wetu wa kila siku, katoka kabare ya ng'ambo ya njia, pale wanapouza urwarwa, pombe ya ndizi. Wateja wangu wakageuza viti kama kawaida. "Hamisi, leo iko wapi huyu?" Nikamwangalia nipime ulevi wake umefika wapi. Mkono ukutani, mguu wa kushoto unatafuta ardhi. Nikasema huyo ni chopi, chakari bado. Akifika kwa muuza mkaa atakuwa tilalila. Bwii ataifikia kwake. Na kweli, kwa muuza mkaa akakumbatia gunia na kuliita mama watoto. Duka zima likafa kwa kicheko.

Mi pombe sijaonja maishani. Baba yangu alikuwa mwadhini. Lakini majina ya ulevi ninayo kuliko wanywaji wenyewe. Madereva wa malori ya Tanzania waliniachia ya kwao, Wakongomani ya kwao, na ya Kirundi nimezaliwa nayo. Mtaa mzima wa Magarama, hapa Gitega, wananiita Bingwa wa Walevi.

Zaituni alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Duka lake la ushonaji na langu ni ukuta mmoja. Mi nafungua duka kwa ajili ya kicheko kile, si kwa ajili ya nywele za watu. Kila mwezi najiambia ntamwambia. Simwambii.

Mteja mpya mmoja. Idrisa. Mrundi wa kwetu, Mwislamu, lakini amekulia kambini Tanzania, karudi juzi kwa njia ya Muyinga. Kiswahili chake kama cha redio. Mtu mpole.

Jumatano, 4 Juni

Idrisa karudi. Nywele hazijaota, amekuja kukaa tu. Kauliza neno moja moja. Tilalila ni vipi, chakari ni vipi, kuna tofauti gani na kupiga tungi. Nikamweleza yote. Anarudia kwa mdomo bila sauti, kama mtu anayehifadhi Kurani.

Nilifurahi. Nilimnunulia chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumanne, 10 Juni

Mjinga ni mimi.

Sasa hivi kila mtu anataka Kiingereza. Wanajeshi wa kigeni wameingia nchini kulinda amani, Kifaransa hawajui, na watu wanasema watatafuta wakalimani. Basi Idrisa kaanzisha darasa. Wapi? Barazani kwa Zaituni. Bon. Na anafundisha na nini? Na walevi wangu!

Nilikuwa nanyoa, nikasikia kila kitu. Anawaambia: mtu akilewa anakwenda chini, basi kwa Kiingereza kitu cha chini ni lowa. Lewa, lowa, msisahau. Ukipiga tungi unalionja kwa ulimi, basi ulimi ni tang. Ziwa likiwa na mawimbi madogo madogo, Mwingereza anasema chopi, yaani maji yanatembea kama Damasi. Na Kirundi tukisema mtu yaborewe, kalewa, basi yeye kabla hajalewa alikuwa boredi, kachoshwa na maisha ndiyo akaingia kabare.

Watu wakacheka. Kicheko changu kile, neno kwa neno, kimehamia upande wa pili wa ukuta.

Nilimkata mteja sikio. Kidogo tu, lakini damu.

Alhamisi, 12 Juni

Wivu. Nimeliandika, nimelitazama. Ni wivu kweli.

Mwenye wivu ajinyonge, walisema wahenga. Wao hawakupanga ukuta mmoja na Idrisa.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya swala nilipita kwa Zaituni kuazima pini. Pini ninazo. Akaniambia, "Hamisi, unajua kushona pindo kwa chini kwa Kiingereza ni namna gani?" Halafu akasema mwenyewe, lowa, lowa, anacheka. Kwetu lowa ni kunyeshewa, nikamwambia. Hakucheka.

Zamani saa kumi alikuwa anaanza kola za mashati. Sasa saa kumi anafunga cherehani, ananawa uso, anakaa mbele. Juzi wanja. Leo kitenge cha njano nilichodhani anakiweka kwa sikukuu ya Iddi.

Damasi alipotoka kabare leo mteja akasema, tumuulize Idrisa huyu kwa Kiingereza iko wapi. Kwenye kiti changu, na povu langu kidevuni! Nikamwambia asitikise kichwa.

Ninamchukia Idrisa. Shida ni kwamba hana ubaya. Ananisalimia "shikamoo fundi," na tofauti yetu ya umri si kubwa hivyo.

Jumapili, 29 Juni

Leo nilikwenda Musinzira kumnyoa mzee mmoja mgonjwa nyumbani kwake. Wakati wa kurudi, kwenye kinjia cha mikaratusi, nikamkuta Idrisa. Kalewa.

Naandika kama nilivyoona, kazi yangu ni kuona walevi. Mlevi mzoefu ana akili yake. Anajua ukuta uko wapi. Akikusalimia anageuza mdomo pembeni. Huyu alikuwa amekaa katikati ya njia, viatu kavivua kavipanga kando kama yuko msikitini, anamwambia mbuzi maneno ya Kiingereza. Chupa moja ya urwarwa, na nusu yake ilikuwa kwenye shati. Aliponiona hakuficha kitu. Alilia.

Mama yake kafariki kule kambini. Habari imefika leo kwa mtu aliyevuka mpaka. Walishamzika siku nyingi. Yeye alikuwa barazani anafundisha tang na lowa, mama yake yuko chini ya udongo. Ndivyo alivyosema.

Nilimfunika koti langu, nikampitisha nyuma ya nyumba za watu mpaka chumbani kwangu. Nikamwosha. Katapika mara nyingi, hata kutapika hajui, anaomba samahani katikati. Hakuna aliyemwona. Nimetafuta jina la ulevi ule, sina. Yule si mlevi. Ni mtu aliyefiwa, akajaribu kitu alichoona wenzake wanafanya.

Na hili nalo niliandike, maana sina pengine pa kulisema. Nilipomwona pale chini, kabla sijajua habari ya mama yake, nilifurahi. Moyo ulinirukaruka kwa furaha. Nikasema moyoni, umeisha.

Jumanne, 1 Julai

Idrisa anapita mbele ya duka ameinamisha kichwa. Darasa kafunga siku mbili. Kanishika mkono kwa mikono miwili.

Zaituni kaniuliza anaumwa nini. Nikasema sijui.

Jumatano, 9 Julai

Milio ya bunduki vilimani tangu alfajiri. Mbali. Wateja wachache.

Idrisa kaja kuniomba niwe mshenga wake. Nimposee Zaituni. Kwa mdomo wangu. Ndugu hana hapa, wote kambini au kaburini, na mtu wa kusema kama mimi Gitega hakuna. Ndiyo, nimeshasimama kwenye posa nyingi, nimewapatia wake watu wengi. Wangu tu sijapata.

Nilitaka kusema hapana. Kumbe wazo halikuwa la akili yake. Jioni Zaituni mwenyewe kagonga.

"Mi ndiye nimesema uwe wewe," aliniambia. "Baba yangu alikuwa mlevi, unajua. Alimpiga mama mpaka kakosa jicho. Mi niliapa, mlevi siingii kwake, hata akiwa mfalme. Ulipoanza kuwacheka wale wa kabare ndiyo nikaacha kuwaogopa. Hakuna anayejua walevi kama wewe, Hamisi, na hujawahi kunidanganya. Baba mdogo kule Muyinga atakuuliza. Ukisema ni mtu mzuri, naolewa. Ukisema si mzuri, basi."

Kisha akaongeza, polepole, kwamba anampenda.

Nikamwambia, "Ntasema nilichoona."

Ee Mola, kwa nini mimi.

Jumapili, 13 Julai

Zaituni kanishonea kanzu ya kwendea. Kanipima mabega mwenyewe. Mikono yake ilinukia mafuta ya cherehani. Nilishika pumzi mpaka akamaliza.

Ijumaa, 18 Julai

Imamu kasema leo habari ya ushahidi. Kama kapewa habari zangu.

Ukweli ninao. Nilimwona amelewa. Huo ni ukweli, hakuna wa kunisuta. Nikiusema siwi mwongo. Nikinyamaza ndiyo nitakuwa mwongo, na msichana akiolewa na mtu aliyelewa nitakuwa nimemsaliti. Mzee akiniuliza nitafanyaje?

Nimejisomea haya tena. Yananuka. Nani kaniambia nisitaje mama yake?

Jumamosi, 19 Julai. Muyinga

Tuliondoka kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma. Karuzi tulisimama juani saa nzima, hakuna aliyetuambia sababu. Idrisa kaketi karibu yangu, ananikatia ndizi. Anazungumza habari ya nyumba watakayopanga. Anataka chumba cha mbele kiwe darasa, cha kati cherehani. Kaniuliza kama nitahamisha duka nije jirani nao. Jirani nao!

Zaituni yeye katangulia tangu Alhamisi.

Muyinga vumbi jekundu na baridi ya kiangazi. Idrisa kalala kwa rafiki yake wa kambini, si desturi bwana harusi aonekane. Mi nimepokelewa kwa mtu wa msikitini. Pilau nzuri. Sikula.

Jumapili, 20 Julai. Muyinga

Imekwisha. Niandike yote kwa mpango.

Tulikwenda saa nne, mimi na wazee wawili wa msikiti kunisindikiza. Uani wametandika mikeka, chai ya tangawizi, sambusa, soda. Baba mdogo kakaa katikati, mzee mwembamba, ndevu kazitia hina. Wanawake ndani, nyuma ya pazia. Nilijua Zaituni yuko wapi kwa sababu pazia lilikuwa limevutwa kidogo upande mmoja.

Nikaanza. Nikasema sisi ni watu wa Gitega, tumepoteza mtamba wetu, nyayo zake tumezifuata kilima kwa kilima, zimeingia kwenye ua huu. Baba mdogo akajibu kwamba watamba kwake ni wengi na nyayo zote zinafanana. Nikasema wetu akipita, hata cherehani zinaitikia. Wakacheka, nyuma ya pazia wakapiga vigelegele. Akaniuliza kama nina uhakika si ng'ombe wa kuibwa. Nikamjibu, mwizi haji mchana, wala hakai kula sambusa. Nilikuwa moto. Sijawahi kusema vizuri hivyo. Nilisahau ninamsemea nani. Kwa muda ule nilikuwa najisemea mwenyewe.

Kisha baba mdogo akainua mkono, kicheko kikaisha.

"Mwanangu, mchezo tumemaliza," alisema. "Kaka yangu aliuawa na pombe, na kabla ya kufa aliua nyumba yake. Kakake huyu binti naye vita vimemchukua, hana wa kumtazamia mtu. Nasikia wewe ndiye bingwa wa walevi. Basi nakuuliza mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Huyo kijana wako, umewahi kumwona amelewa?"

Nikasema, "Ndiyo. Mara moja."

Kijiko kililia kwenye kikombe cha mtu.

Maneno mengine yote nilikuwa nayo mdomoni. Kwamba alifiwa na mama. Kwamba alivua viatu. Kwamba nimetazama walevi maisha yangu yote na naapa yule si mmoja wao, mpeni mke, mpeni leo. Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa na muda wa kuisema. Mzee alinitazama, akangoja. Wale wawili walionisindikiza waligeuka kunitazama. Kama mmoja wao angeuliza kwa nini, ningejibu, naapa ningejibu. Hakuna aliyeuliza. Kwao kulewa ni kulewa, hakuna kwa nini.

Mi nikanywa chai.

Baba mdogo akasema, "Umesema kweli, na kweli imekugharimu. Mungu akulipe." Akageuka ndani. "Mmesikia." Pazia likafungwa.

Jioni nikaenda kwa Idrisa. Nikamwambia wamekataa. Kakaa chini. Kauliza kama walijua habari ya ile siku ya Musinzira. Nikasema mzee aliniuliza mbele ya Mungu, ningefanyaje. Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, usingeweza kudanganya. Halafu akauliza kama niliwaeleza kuhusu mama.

Nikasema, "Hawakuniuliza."

Alinitazama. Hapo ndipo alipojua. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 21 Julai. Muyinga

Msafara hakuna. Barabara imefungwa. Nimeshinda ndani.

Jumanne, 22 Julai. Muyinga

Mtu kaniambia Idrisa kaondoka alfajiri kwa miguu kuelekea mpakani. Anarudi kambini. Wenzake wote wanarudi nyumbani, yeye anarudi kambini.

Angalau atazuru kaburi. Nimeandika hivyo ili nipate usingizi.

Jumatano, 30 Julai

Gitega. Duka lina vumbi. Zaituni karudi jana, macho yamevimba, anashona bila kuinua kichwa. Wanafunzi wa Kiingereza wamekuja, wamesimama barazani kidogo, wameondoka.

Damasi katoka kabare. Wakaniuliza iko wapi. Nikasema kalewa. Wakangoja. Nikasema kalewa tu, nyie mnataka nini?

Jumamosi, 2 Agosti

Nitasema lililo kweli hapa. Ndani ya huzuni yote hii, nina matumaini. Leo asubuhi Zaituni kaniletea uji. Kakaa kwenye kiti cha wateja. Kaniambia kwamba mtu mwingine angempaka Idrisa mafuta ili ale pilau ya harusi, mimi nimemwokoa. Nikatazama ndani ya kikombe. Sikusahihisha.

Nimefikiri. Nimngoje apoe. Mwisho wa mwezi nitamtuma mtu Muyinga aniposee, si lazima awe msemaji. Baba mdogo ananipenda. Naweza kumtunza Zaituni. Nitamtunza mpaka ile siku ya Muyinga isiwe na uzito. Nimenunua sabuni nzuri.

Jumanne, 5 Agosti

Baba mdogo kafika na msafara wa asubuhi. Nilimwona kwa mbali na ndevu zake, nikadhani amekuja kumchukua Zaituni. Hapana. Amekuja dukani kwangu. Kavua kofia. Nikamnyoa.

Alipokwisha alimwita Zaituni, akawaita majirani, muuza mkaa, imamu. Akasema siku ile ya posa alimwona mtu mmoja tu mwaminifu ndani ya ua wake, na mtu huyo alikuja kwa upande wa pili. Mtu kama huyo haachwi upande wa pili. Nyumba ya kaka yake imebaki bila mwanamume. Basi kuanzia leo Hamisi ni mtoto wa kaka yake, ni kakake Zaituni wa damu, mbele ya Mungu na watu. Anayemtaka binti asije Muyinga, apige hodi kwa Hamisi. Hamisi ndiye atakayeuliza.

Tukasoma Fatiha. Watu wote wakaitikia amina. Mimi pia.

Zaituni alilia kidogo, akanishika mkono. Akaniita kaka. Kwa mara ya kwanza tangu Julai alicheka, kidogo, akasema, kaka yangu, kanzu yako ina uzi umetoka, lete nikushonee.

Mchana nilinyoa vichwa vitatu. Umeme ulirudi.

Baba mdogo yuko ndani anapumzika. Kaniambia kuna mfanyabiashara wa Karuzi, mgane, mtu wa swala tano, ameshaulizia habari ya binti. Anakuja Jumapili. Zaituni ameahidi kupika sambusa, na mimi nitatandika mkeka.